Nani Alichagua Rangi ya Nyumba Yenu?

Swali la leo ni rahisi kuuliza: nyumba yenu ni ya rangi gani, na nani aliichagua? Wengi wetu tuliokulia kwa ploti za kukodi hatujawahi hata kuliwaza. Mlihamia, mkakuta krimu juu na kahawia chini, na hiyo ikawa rangi ya nyumbani. Ukimwelekeza mtu unamwambia "ile geti ya maruni," maisha yanasonga.

Siku hizi swali limerudi kupitia simu. Unapiga ukuta wa nje picha, unaiweka kwenye programu ya kampuni ya rangi, unagusa kisanduku kimoja, na nyumba ya nyanyako ushago inageuka kijani. Unagusa kingine, inakuwa kijivu. Hakuna brashi, hakuna fundi, hakuna doo imetoka. Watu wa rika letu wanaosaidia wazazi kupaka nyumba wanaamua hivi sasa: picha tatu zinatumwa kwa kikundi cha familia, watu wanapiga kura, mjomba mmoja anapinga, kisha ndoo zinanunuliwa.

Sina ugomvi na programu hizi. Ni za bure, na zimempa usemi mtu ambaye zamani angeachia fundi kila kitu. Lakini zinakuja na ahadi moja kubwa, kwamba sasa rangi ni uamuzi wako peke yako. Hapo ndipo nasema tulia kwanza. Ukuta wa nje hapa Kenya umechaguliwa rangi na bahari, na udongo, na serikali, na kampuni za simu. Muuza rangi naye yuko kwenye hiyo foleni. Ukijua foleni ilivyokuja, utaitumia programu vizuri zaidi, na pesa za mzazi wako hazitapotea ukutani.

Bahari na udongo

Tuanzie pwani, kwa sababu huko kuta zimesimama muda wa kutosha kutupa ushahidi. Nyumba za kale za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Chokaa nayo ilitoka hapo hapo. Vipande vya matumbawe vilipangwa juu ya rundo la kuni, vikachomwa, kisha kilichobaki kikazimwa kwa maji. Sayansi yake ni tamu ukiifikiria. Moto unafukuza kaboni dayoksaidi kutoka kwa jiwe. Ukishapaka ukutani, chokaa inavuta hewa ile ile tena polepole na kuwa ngumu. Yaani ni jiwe lililochomwa likawa unga, likapakwa, likarudi kuwa jiwe.

Kwa hivyo hakuna mtu aliyeketi akachagua nyeupe kati ya rangi mia mbili. Chokaa ndiyo iliyokuwepo, na chokaa ni nyeupe. Bahati nzuri, ilifaa. Nyeupe inarudisha jua lilikotoka, na chokaa inaacha ukuta upumue, unyevu wa bahari ukiingia unapata njia ya kutoka. Urembo wenyewe waliuweka ndani, kwenye zidaka na nakshi za plasta. Nje, ukuta ulinyamaza na mlango wa kuchongwa ndio uliongea. Mji huo wa kale uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na watu wanaousifia kwa uzuri wa rangi zake wanasifia vitu vilivyookotwa jirani.

Sasa vuka nchi nzima uende magharibi. Huko nyumba ya udongo husiribwa, na kazi hiyo kwa kawaida ni ya akina mama. Udongo mwekundu unatoka mahali fulani, mweupe unatoka kando ya mto, jivu linatoka jikoni, samadi ya ng'ombe inashikilia kila kitu pamoja. Ukifika Desemba, watu wakijiandaa kupokea wageni wa Krismasi, kuta zinapakwa upya na wengine wanachora maumbo. Mama anayesiriba ndiye mbunifu, ndiye fundi, ndiye mwenye nyumba. Akikosea rangi, hasara yake ni asubuhi moja, kwa sababu mwaka ujao atapaka tena.

Angalia sehemu ya chini ya nyumba nyingi za aina hiyo. Kuna mkanda mweusi au wa kahawia unaozunguka nyumba. Huo mkanda una kazi. Mvua ikinyesha, matone yanagonga udongo na kurusha matope ukutani. Ukiweka rangi ya matope pale chini tangu mwanzo, matope hayana cha kuharibu. Nyumba za mawe zilipokuja, mkanda ukahamia nao. Krimu juu, kahawia chini. Hiyo rangi ya ploti ambayo tunaicheka ina hekima ndani yake, na imeishi kuliko mitindo mingi.

Kisha serikali ikashika brashi

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Ulikuwa mji wa mabati, kwa sababu mabati yalisafirishwa kwa urahisi na kuinuliwa haraka. Rangi ya mabati haichaguliwi: yakiwa mapya yanang'aa, yakizeeka yanakuwa kutu. Ukisimama leo juu ya daraja lolote la wapita njia ukaangalia mtaa wa mabanda, unaona bado rangi hiyo ya kwanza ya mji.

Miaka ya 1940 manispaa ilijenga mtaa wa Kaloleni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, nyumba za mawe zenye paa za vigae vyekundu. Zilikuwa imara, na hadi leo zina miti na nafasi ambayo mitaa mipya inaiota tu. Lakini mwenye nyumba alikuwa manispaa. Familia iliyoishi ndani ingeweza kuchagua pazia, ila ukuta wa nje ulikuwa mali ya ofisi. Kizazi baada ya kizazi cha watu wa Nairobi kimekulia kwenye kuta zisizo zao, na nadhani hapo ndipo tulipata ile tabia ya kuona rangi ya nje kama hali ya hewa: inakuja tu, haikuulizi.

Chokaa nayo ikapata kazi mpya. Nenda kwa ofisi ya chifu, au kituo cha polisi, au shule ya msingi yoyote ya zamani. Mawe ya kando ya njia yamepakwa nyeupe. Mashina ya miti yamepakwa nyeupe hadi kiunoni. Hayo mawe hayahitaji rangi yoyote kuishi. Yamepakwa ili ujue umeingia mahali penye amri. Madarasa nayo yakapata rangi mbili, nyepesi juu na nzito ya mafuta chini, pale mikono na viatu vya watoto vinapogusa. Ule mkanda wa akina mama umeingia shule na kuvaa yunifomu.

Na usidhani mambo ya amri yaliisha na ukoloni. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji, pamoja na Mji wa Kale, yapakwe nyeupe na kutiwa buluu. Lengo lilikuwa mji uonekane safi na uvutie wageni. Kuna waliopenda, na ukweli ni kwamba barabara kadhaa zilipendeza kwa picha. Kuna waliolalamika gharama, na kuna waliosema Mji wa Kale una rangi zake na historia yake.

Mimi niko upande wa waliolalamika, na sababu yangu kubwa ni ya kiufundi. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Rangi nyingi za kisasa za ndoo zinaunda ngozi kama ya plastiki juu yake. Unyevu wenye chumvi unaotoka ndani ya ukuta unakosa njia, unasukuma, rangi inavimba, inabambuka na kuondoka na plasta. Ukitaka Mji wa Kale uwe mweupe, mweupe wa kale upo, unaitwa chokaa. Amri ikitaja rangi bila kuuliza ukuta umetengenezwa na nini, inaamua kitu kimoja na kuharibu kingine.

Duka la kijani, duka nyekundu

Kati ya serikali na wewe, kuna mwingine aliyepaka kuta nyingi sana: kampuni. Ukisafiri kwa matatu kutoka Nairobi kwenda popote, hesabu maduka ya vituo vidogo. Soda ilipaka nyekundu. Sabuni ya unga ilipaka buluu. Halafu simu za mkononi zikaja, na baada ya M-Pesa kuzinduliwa mwaka 2007, kijani cha Safaricom kikaenea hadi mahali ambapo hata barabara ya lami haijafika.

Upande wa mshindani ndiko kulikuwa na sinema. Kampuni iliyoitwa Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Kila jina lilikuja na rangi zake. Duka moja la wakala, ukuta ule ule, lingeweza kuvalishwa nguo tatu katika miaka michache bila mwenyewe kushika brashi. Mtoto aliyezaliwa kituo hicho angeweza kujifunza historia ya mawasiliano kwa kukwaruza rangi na kucha.

Wenye maduka hawakuwa wajinga. Rangi ni ghali, na hapa mtu anakuja na ndoo na mafundi, anapaka bure, anaondoka. Ukuta wako unakuwa safi, na wateja wanaona kwa mbali kwamba hapa kuna huduma. Bei yake ni kwamba ukuta unageuka tangazo, na kaunti hutoza ada kwa matangazo. Bei nyingine haionekani kwa risiti: ukifika kituo chochote kati ya Namanga na Malaba unaona nguo zile zile. Miji midogo yetu imepoteza nyuso.

Kuna mfano mmoja uliokwenda kinyume, na naupenda. Kuanzia mwaka 2015, msanii Yazmany Arboleda alishirikiana na waumini kwenye mradi ulioitwa Colour in Faith, na makanisa na misikiti ikapakwa manjano, ikiwemo Kibera. Rangi moja kwa dini mbili, na ilibidi waumini wakubali kwanza. Unaweza kuipenda manjano hiyo au uichukie. Ninachotaka uone ni utaratibu: watu waliketi, wakaulizana, kisha ukuta ukapakwa. Kwenye historia hii yote ambayo nimekupitisha, kuketi na kuulizana ni jambo adimu.

Ndoo, kitabu, na mchanga wa Kwale

Sasa tufike kwa muuza rangi, kwa sababu ndiye aliyetengeneza hiyo programu. Hadithi yake ni ya Marekani, na imeanza kabla ya umeme kuingia majumbani.

Mwaka 1842 mwandishi wa mambo ya ujenzi na bustani, Andrew Jackson Downing, alichapisha kitabu cha miundo ya nyumba za mashambani. Ndani yake alipinga nyumba nyeupe. Alisema zinaumiza macho katikati ya miti na majani, akapendekeza rangi za mchanga, mawe na udongo, na akaweka ukurasa wenye sampuli za rangi ili mtu aone kwa macho yake. Huo ukurasa ni babu wa kile kisanduku unachogusa kwenye simu.

Wakati huo bado mpaka rangi alijichanganyia mwenyewe: mafuta, unga wa rangi, na mkono wenye uzoefu. Rangi uliyopata ilitegemea fundi uliyempata. Kampuni ya Sherwin-Williams, iliyoanza mwaka 1866 huko Cleveland, ilipata hataza ya kopo la bati linalofungika tena mwaka 1877. Inaonekana kitu kidogo, lakini fikiria maana yake. Rangi iliyochanganywa kiwandani sasa inaweza kusafiri, kukaa dukani, kufunguliwa, kufungwa. Ujuzi wa kuchanganya ulihama kutoka kwa fundi na kwenda kiwandani.

Na ukiwa na makopo elfu kwenye stoo, tatizo lako jipya ni kumshawishi mtu wa kawaida achague. Hapo vitabu vikaja. Mwaka 1885 kampuni ya F. W. Devoe ya New York ilitoa kitabu kikubwa cha picha za nyumba zilizotiwa rangi, ukuta hivi, dirisha vile, ukingo wa paa vile. Mwenye nyumba aliketi sebuleni akafungua kurasa akisema "hii, hapana, ile." Ukiondoa betri, ni kitu kile kile tulicho nacho leo. Miaka mia moja baadaye tarakilishi zilianza kulinganisha rangi madukani, mwaka 2009 Sherwin-Williams ikaleta ColorSnap kwa simu, na mwaka 2014 Dulux Visualizer ikakuruhusu uelekeze kamera ukutani na uone rangi ikibadilika papo hapo.

Kwa hiyo tangu mwanzo, chombo cha kuona rangi kabla ya kupaka kimetengenezwa na mtu anayeuza rangi. Hilo si kosa. Mwenye duka la nguo naye huweka kioo. Ila kioo cha dukani huwa na taa nzuri, na wewe unajua hivyo unapojitazama.

Sisi nasi tumo kwenye hadithi hii kuliko tunavyodhani. Kampuni tunayoijua leo kama Crown Paints ilianza hapa mwaka 1958 ikiitwa Walpamur. Na weupe wenyewe una mguu pwani yetu. Zamani nyeupe ya mafuta ilitengenezwa kwa risasi, ambayo ni sumu. Katika karne ya 20 dunia ikahamia titani dayoksaidi, unga mweupe sana unaopatikana kutoka kwa madini kama ilmenaiti na rutaili. Madini hayo yalichimbwa Kwale na Base Titanium. Shehena ya kwanza iliondoka mwaka 2014, na uchimbaji ukafika mwisho Desemba 2024. Fikiria mzunguko huo. Pwani ilikuwa ikichoma matumbawe yake kupata nyeupe yake. Baadaye pwani ile ile ikasafirisha mchanga wake mweusi mzito nje kwa meli, na kutoka kwa mchanga wa aina hiyo viwanda vya dunia vinapata nyeupe ya ndoo. Kisha tunaenda dukani kuinunua kwa lita.

Kile ambacho simu haioni

Programu inafanya kazi hivi. Inatafuta ukuta kwenye picha, inatenganisha na anga, dirisha na paa, kisha inabadilisha rangi ya sehemu hiyo huku ikiacha vivuli vilivyokuwepo. Ni akili nzuri. Lakini ina mipaka, na mipaka yake inaangukia mahali hasa ambapo nyumba zetu ziko.

Kwanza, kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe, ilhali ukuta unategemea kurudisha mwanga wa jua. Kijivu laini ulichoona usiku kitandani, mwangaza wa simu ukiwa umepunguzwa, hakifanani na kijivu hicho saa saba mchana Machakos. Hapa karibu na ikweta jua la mchana linasimama karibu juu ya kichwa. Rangi nyepesi inafifia inakuwa kama nyeupe, na ukingo wa paa unadondosha kivuli kizito. Ukienda na rangi kali, kisampuli kilichoonekana kitulivu kitapiga kelele kikifunika ukuta mzima.

Pili, udongo. Kiambu na Murang'a vumbi ni jekundu. Syokimau na Kitengela udongo ni mweusi, na mvua ikinyesha unajua mwenyewe viatu vinavyokuwa. Picha kwenye simu ni ya siku ya kwanza, asubuhi, baada ya fundi kuondoka. Haina msimu wa mvua. Haina lori la mchanga likipita. Haina mtoto na mpira. Nyumba nyeupe kabisa yenye mpaka mweusi wa kisasa, ile mnaiona kwenye matangazo ya maisonette, ukiijenga juu ya udongo mwekundu bila mkanda wa chini, itajipakia mkanda wake yenyewe kufikia Mei.

Tatu, jirani. Mwaka 1839 mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alichapisha kitabu kilichotokana na malalamiko. Alikuwa msimamizi wa rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, na watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akachunguza akakuta nyuzi ziko sawa. Shida ilikuwa rangi zilizofumwa kando yake, ambazo zilimdanganya mtazamaji. Rangi haionekani peke yake, inaonekana pamoja na majirani zake. Sasa chukua hilo uliweke Umoja au Githurai. Ukuta wako unagusana na ploti ya pinki kulia na ghorofa ya samawati kushoto, na paa lako la mabati ni kijani. Ukiikata nyumba yako peke yake kwenye picha, umeondoa nusu ya rangi.

Nne, orodha yenyewe. Rangi zinazowekwa mbele zimepangwa kwa ajili ya mtindo unaouzika, na mtindo wa sasa ni kijivu, nyeupe na nyeusi. Hata nyumba za mfano kwenye programu nyingi zina paa na bustani ambazo si za hapa. Matokeo yake tunayaona. Kutoka Ruiru hadi Ngong, mitaa mipya yenye geti inafanana kama sare, na mingi ina sheria kwamba huruhusiwi kubadilisha rangi ya nje. Tulitoka kwa manispaa tukaingia kwa kamati ya mtaa. Umenunua nyumba kwa mamilioni, na ukuta bado si wako.

Sasa tufanye nini

Itumie programu kukataa. Hapo ndipo nguvu yake iko. Ndani ya dakika kumi inaweza kukuonyesha rangi kumi na tano ambazo hutaki, na hiyo ni pesa umeokoa. Bakisha tatu. Piga picha pana, paa liwemo, ukuta wa jirani uwemo, na barabara iwemo, usipige ukuta peke yake.

Kisha toka kwa simu. Nunua makopo madogo ya hizo tatu, na upake kila moja mraba wa kama mita moja kwenye ukuta wenyewe, mipako miwili, mmoja upande wa asubuhi na mwingine upande wa jioni. Ziangalie saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Zikae siku kadhaa zinyeshewe ikiwezekana. Kama plasta ni mpya, iache kwanza ikauke kama mwezi mmoja, la sivyo hata rangi nzuri itabambuka. Na kumbuka lita moja inafunika takriban mita 10 za mraba kwa mpako mmoja kwenye ukuta laini. Ukuta wa kukwaruza unakunywa zaidi. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia kama mnaweza kuirudia rangi hiyo baada ya miaka mitano. Rangi ambayo familia haiwezi kuirudia ni deni.

Uliza pia ukuta umetengenezwa na nini. Kama ni matumbawe ya pwani, tafuta fundi anayejua chokaa kabla hajazeeka na kuondoka na ujuzi wake. Kama ni mawe ya kuchongwa ya Nairobi, jiulize kama yanahitaji rangi hata kidogo. Yana rangi yao tayari, na ukishapaka mara moja umejiandikisha kupaka milele.

Na kuhusu ile kura ya kikundi cha familia: muulize kwanza anayeishi pale. Nimeona vijana wa mjini wakimchagulia nyanya kijivu kutoka mbali, wakati nyanya amesiriba kuta miaka arobaini na anajua vumbi la boma lake linatoka upande gani. Yeye amekuwa mbunifu kabla hatujazaliwa. Mpe simu aguse mwenyewe, mwonyeshe rangi zote, halafu msikize. Akisema chini iwe kahawia, weka kahawia.

Wale waliochagua kabla yetu, bahari, manispaa, kampuni, hawakuwahi kutuuliza. Leo tuna chombo mkononi kinachouliza, hata kama kinauliza kwa niaba ya mwenye duka. Tukijibu kwa orodha yake tu, baada ya miaka ishirini mtu atasafiri kutoka Voi hadi Webuye na asijue amefika wapi. Tukijibu kwa kuangalia udongo, jua na jirani, angalau nyumba itafanana na mahali ilipo.

Leo jioni ukirudi nyumbani, simama ng'ambo ya barabara uangalie ukuta wenu vizuri. Halafu ingia ndani uulize nani aliuchagua. Nataka sana kusikia mtaambiwa nini.